Plagini za kununua au zilizokuja na programu? Hesabu ya studio ndogo ya Tukuyu

Mvua ikianza Tukuyu, studio yenye paa la bati husimama. Maiki inanasa kila tone, waimbaji wanakaa kwenye benchi kusubiri, na fundi anageukia laptopu kumiksi kile kilichorekodiwa asubuhi.

Hapo ndipo swali linapokuja. Video za mtandaoni zinamwambia kwamba kazi yake haitasikika kama ya Dar es Salaam mpaka awe na plagini za kampuni fulani. Wakati huohuo, programu anayotumia imekuja na efekti chungu nzima ambazo nyingi hajawahi hata kuzifungua. Anunue, atafute za kukraki, au abaki na zilizopo?

Fedha inayozungumziwa si ndogo. Ekwalaiza moja tu ya FabFilter, kampuni ya Uholanzi inayopendwa sana na mafundi duniani, inauzwa zaidi ya dola 150. Ukipiga hesabu ya dola moja kwa takribani Sh2,500, hiyo ni zaidi ya Sh375,000. Kwa kwaya inayochangishana ili kurekodi albamu, au kijana wa bongo fleva anayetegemea msimu wa parachichi na ndizi kupata hela ya studio, kiasi hicho kinaweza kuwa bajeti ya kazi nzima.

Plagini ni nini hasa

Plagini ni programu ndogo inayoingia ndani ya programu kubwa ya kurekodia. Ekwalaiza hupunguza au kuongeza sehemu fulani ya sauti: besi, kati au juu. Kompresa huibana sauti ili panapopaa pashuke na panaponong'ona pasikike. Riverbu huweka mwangwi wa chumba au ukumbi. Dilei huirudia sauti nyuma ya mwimbaji. Limita hukaa mwisho kabisa kuzuia wimbo usipasuke.

Programu kama FL Studio, Reaper, Cubase na Logic Pro zote huja na efekti hizi ndani yake. Mlango wa efekti za watu wa nje ulifunguka zaidi mwaka 1996, pale Steinberg ya Ujerumani ilipotoa mfumo wa VST pamoja na Cubase. Kuanzia hapo kampuni yoyote iliweza kutengeneza efekti yake na kuiuza peke yake. Leo ni biashara kubwa, na kama biashara yoyote ina matangazo yake, mapunguzo yake ya kila wiki na wasemaji wake wa kulipwa.

Jaribio linalomaliza ubishi

Kuna jaribio ambalo fundi yeyote anaweza kulifanya ndani ya dakika kumi bila kumuuliza mtu. Anachukua sauti moja na kuinakili ziwe traki mbili. Ya kwanza anaiwekea ekwalaiza iliyokuja na programu, mfano Fruity Parametric EQ 2 kwenye FL Studio au ReaEQ kwenye Reaper. Ya pili anaiwekea ile ya kununua, hata kama ni ya majaribio ya siku chache. Zote mbili anazipunguza mahali pamoja, tuseme desibeli 3 kwenye herzi 300. Kisha anaigeuza fezi ya traki moja na kuzicheza zote kwa pamoja.

Mawimbi mawili yanayofanana, moja likiwa limegeuzwa juu chini, hufutana. Kinachosikika ni tofauti iliyopo kati ya plagini hizo mbili, na hakuna kingine.

Kwa ekwalaiza safi za kawaida, kinachobaki huwa karibu kimya kitupu. Kinachosumbua ni kitufe cha upana, kwa sababu kila kampuni huandika namba zake kwa namna yake. Kwa hiyo namba zikilingana machoni bado plagini zinaweza kutofautiana, na inabidi kuzungusha polepole mpaka sauti izame. Mabaki kidogo huweza kubaki kwenye sauti za juu kabisa, kule karibu na herzi 20,000, ambako watengenezaji wanapiga hesabu tofauti. Mzee wa kwaya aliyevuka miaka hamsini hata hazisikii hizo.

Sababu ni kwamba ekwalaiza ya kidijitali ni hesabu. Fomula zake zimekuwa wazi kwa miaka mingi na mtu yeyote anaweza kuzisoma na kuzitumia. Anachouza mwenye plagini ya bei mbaya, kwa sehemu kubwa, ni kioo kizuri cha kuangalia: picha ya mawimbi inayocheza, vitufe vinavyoshikika haraka, na urahisi wa kufanya mambo mengi ndani ya dirisha moja. Kwa fundi anayemiksi nyimbo tano kwa siku, urahisi huo una thamani ya kweli. Kwa anayemiksi wimbo mmoja kwa wiki, siyo kivile.

Kompresa ni habari nyingine

Kwenye kompresa jaribio hili halitoi kimya, na haliwezi kutoa. Kompresa ina tabia: inashika haraka au inachelewa, inaachia taratibu au ghafla, inaongeza ukwaruzo kidogo au inabaki safi. Kampuni nyingi zinauza plagini zinazoiga mashine za zamani za studio kubwa, kama UREI 1176 na Teletronix LA-2A, na tofauti zake zinasikika.

Lakini hata hapa za ndani haziko nyuma kama inavyodhaniwa. Kompresa ya Logic Pro ina hali kadhaa zinazoiga aina hizo za mashine, na iko ndani ya bei ya programu. ReaComp ya Reaper ina sura ya kikokotoo cha dukani, haina urembo wowote, ila ina vitufe vyote vinavyohitajika na inafanya kazi bila kuchosha kompyuta.

Mtego wa sauti kubwa

Kwa nini basi watu wengi huweka plagini mpya na kusema wamesikia tofauti hapohapo? Mara nyingi ni kwa sababu plagini hiyo imeongeza sauti. Sikio la binadamu, likipewa vitu viwili vinavyofanana, huchagua kile chenye sauti kubwa zaidi, hata kama ni kwa desibeli moja tu, na humwambia mwenye sikio kwamba ni bora.

Plagini nyingi huongeza sauti mara tu zinapowashwa, au zikifunguliwa kwa mipangilio ya kiwandani. Dawa yake ni kushusha kitufe cha kutokea mpaka plagini ikiwashwa na kuzimwa sauti ibaki kiwango kilekile, halafu ndipo kusikiliza kwa makini. Plagini nyingi zinazosifiwa mtandaoni huishiwa uchawi palepale.

Mtego huu unaendelea mpaka kwenye limita. Fundi hubana wimbo mpaka uwe kama tofali akitaka upige kelele kuliko wa jirani. YouTube na Spotify hushusha nyimbo zilizozidi kiwango chao, ambacho ni kama LUFS -14, yaani kipimo cha sauti kama sikio linavyoisikia. Wimbo uliobanwa kupita kiasi unashushwa, na kilichobaki ni ule ubanaji. Kipimo cha Youlean Loudness Meter kina toleo la bure linaloonyesha namba hiyo, na hii ni plagini ya nje ambayo kila studio ingefaa kuwa nayo.

Mvua haifutiki kwa dola

Rungwe ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini, na Tukuyu kwenyewe hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Kuanzia Novemba hadi Mei, studio isiyo na dari nzito inapigana na bati kila siku. Ndiyo maana plagini za kuondoa kelele, hasa iZotope RX, zinatamaniwa sana.

Kabla ya kutamani, inafaa kujua kilichopo. Edison, kinasa sauti kilichomo ndani ya FL Studio, ina kifaa cha kuondoa kelele: unakionjesha kipande chenye kelele peke yake, kisha kinaitoa kwenye rekodi nzima. ReaFIR ya Reaper hufanya kazi hiyohiyo. Zote mbili zinafanya vizuri kwenye kelele isiyobadilika, kama mvumo wa feni ya laptopu au umeme usiotulia.

Mvua haiko hivyo. Inapanda, inashuka, inapiga kwa matone tofauti, na kelele yake imekaa palepale zinapokaa konsonanti za mwimbaji. Ukiitoa, unatoa na herufi "s" na "sh", na sauti inabaki kama ya mtu anayeimba ndani ya ndoo ya maji. RX huharibu kidogo kuliko hizi za bure, lakini nayo huharibu. Blanketi nzito juu ya dari, au kupanga kurekodi kati ya Juni na Oktoba na kumiksi wakati wa masika, kunasaidia kuliko plagini yoyote iliyopo sokoni.

Projekti inaposafiri kwenda Mbeya

Hili ndilo eneo ambalo plagini za nje huleta maumivu zaidi, na halizungumzwi sana.

Wimbo uliorekodiwa Tukuyu mara nyingi haumalizikii Tukuyu. Unapelekwa kwa flashi hadi Mbeya mjini, au unatumwa Dar es Salaam kwa fundi mwingine amalizie. Projekti ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na plagini zilezile, programu huonyesha ujumbe kwamba plagini haipo. Wimbo unacheza bila efekti hizo: mwangwi umepotea, sauti ya besi imevimba, na kazi ya wiki mbili haisikiki kama ilivyokuwa. Hali hiyohiyo hutokea laptopu ikiibiwa au diski ikifa, na fundi akaanza upya kwenye kompyuta nyingine.

Projekti iliyomiksiwa kwa efekti za ndani peke yake hufunguka kama ilivyoachwa kwenye kompyuta yoyote yenye programu hiyo na toleo linalolingana. Shida inabaki pale mafundi wawili wanapotumia programu tofauti, kwa kuwa efekti nyingi za FL Studio hazifunguki ndani ya Reaper au Cubase, na za Logic hazitoki nje ya Logic.

Njia salama ni kutoa kila traki kama faili la WAV, zote zikianzia sekunde sifuri: seti moja kavu bila efekti, na nyingine ikiwa na efekti zake. Faili za namna hiyo zitafunguka hata baada ya miaka ishirini, kwenye programu ambayo bado haijatengenezwa. Kwaya inayolipia albamu ina haki ya kuomba seti hizo pamoja na CD au flashi yake. Wengi hawaombi kwa sababu hawajui kama zipo.

Za kukraki zina mgeni ndani

Mtaani jibu la haraka ni kraki. Mtu anakuja na flashi, plagini mia mbili zinaingia kwa jioni moja, na hakuna aliyelipa chochote.

Mwaka 2019 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilitoa ripoti kuhusu programu haribifu iliyoipa jina LoudMiner. Ilikuwa imefichwa ndani ya programu za muziki na plagini za VST zilizokrakiwa, na ESET ilihesabu programu 137 za aina hiyo kwenye tovuti moja tu. Iliingia kwenye Windows na Mac, ikawasha mashine ndogo ya kufikirika ndani ya kompyuta, kisha ikaanza kuchimba sarafu ya kidijitali ya Monero kwa ajili ya wenyewe.

Waliwachagua watu wa muziki kwa akili. Kompyuta za studio huwa na nguvu, na fundi akiona laptopu inachemka na kukwama huwa hashangai. Anadhani ni projekti nzito. Kwa studio ya Tukuyu hilo maana yake ni umeme wa mtu mwingine unaolipwa kwenye luku yako, na laptopu ya mkononi inayozeeka kabla ya siku zake.

Kuna upande wa sheria pia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazilinda programu za kompyuta kama inavyoulinda wimbo. Msanii anayelalamika kwamba nyimbo zake zinagawiwa bure kwenye flashi pale stendi, huku zimemiksiwa kwa kraki, anaweka lalamiko lake pagumu.

Pale za nje zinaposhinda

Zipo kazi ambazo efekti za ndani hazifanyi vizuri, au hazifanyi kabisa. Ya kwanza kwa kwaya ni herufi "s". Nyimbo za injili zimejaa "Yesu", "msalaba" na "asante", na maiki za bei chee huzifanya zichome masikio. Ekwalaiza ya kawaida ikipunguza sehemu hiyo, inaipunguza wakati wote, na wimbo unakuwa kama umefunikwa na kitambaa. Kinachotakiwa ni ekwalaiza inayoamka pale tu "s" inapotokea kisha inalala. TDR Nova inafanya hivyo, na toleo lake la msingi ni la bure kabisa.

Kwa mwangwi mrefu wa kuelea kuna Valhalla Supermassive, nayo bure tangu ilipotoka mwaka 2020. Kurekebisha noti za mwimbaji kuna GSnap ya bure, wakati Reaper ina ReaTune ndani yake, na FL Studio ina Pitcher na NewTone kwenye matoleo yake ya juu. Tahadhari moja tu: zana hizi zimetengenezwa kwa sauti ya mtu mmoja. Ukiiwekea kwaya nzima iliyoimba mbele ya maiki moja, haijui imfuate soprano au besi, na matokeo yake ni vurugu.

Kwa maneno mengine, nje ya programu kuna vitu vizuri visivyolipiwa. Bando linatosha.

Dola inapobidi kutoka

Kama kuna mahali pa kuanza kulipa, ni kwenye programu yenyewe. Reaper inaruhusu majaribio ya siku 60, na leseni yake ya bei nafuu ni dola 60, takribani Sh150,000, kwa mtu binafsi au biashara ndogo ambayo mapato yake hayazidi dola 20,000 kwa mwaka. FL Studio inauzwa ghali zaidi, lakini aliyenunua hupewa matoleo mapya maisha yake yote bila kuongeza senti. Toleo lake la majaribio huhifadhi projekti ila haliifungui tena mpaka mtu alipe, jambo ambalo vijana wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Malipo hufanyika kwa kadi ya Visa au Mastercard, na siku hizi mitandao ya simu hutoa kadi za namna hiyo ndani ya simu.

Plagini za kampuni kubwa zina mambo yake. Waves ya Israel hushusha bei hadi kama dola 30, lakini masasisho baada ya mwaka mmoja hulipiwa tena. Machi 2023 ilitangaza kuacha kuuza leseni za kudumu na kutoza kwa mwezi tu. Wateja walikuja juu, na ndani ya siku chache ikarudisha utaratibu wa zamani. Anayefanya kazi mahali ambapo umeme na intaneti hukatika apime vizuri kabla ya kutegemea kitu kinachohitaji kuthibitishwa mtandaoni.

Laptopu nayo ina lake. Nyingi zilizopo kwenye studio ndogo ni za mtumba zenye RAM ya GB 4 au 8. Plagini za nje zinazoiga mashine za zamani hula nguvu nyingi, kumi zikiwashwa sauti inaanza kukatakata. Za ndani kwa kawaida ni nyepesi zaidi.

Studio za Dar es Salaam za miaka ya 1990, kama MJ Records ya Master J na Bongo Records ya P-Funk Majani, zilijenga bongo fleva nzima bila efekti nyingi kama zilizomo leo kwenye laptopu moja ya mtumba.

Mwangwi usiouzwa dukani

Kuna efekti moja ambayo hakuna kampuni inayoiuza, na studio ya Rungwe inaweza kuwa nayo: mwangwi wa kanisa lenyewe ambamo kwaya huimba. Wamoraviani walianzisha kituo chao Rungwe mwaka 1891, na wilaya ina makanisa makubwa ya kutosha.

Fruity Convolver ya FL Studio, ReaVerb ya Reaper na Space Designer ya Logic zote huweza kusoma mwangwi wa ukumbi halisi. Fundi anaweka maiki katikati ya kanisa, mtu anapasua puto pale mbele waliposimama waimbaji, na rekodi inaachwa iendelee mpaka kimya kirudi. Kipande hicho kinakatwa mwanzo wake, kinahifadhiwa kama WAV na kuburutwa ndani ya efekti. Kuanzia hapo sauti iliyorekodiwa chumbani, chini ya blanketi, inasikika kama imeimbwa madhabahuni.

Kazi hiyo ifanyike siku kavu, kanisa likiwa tupu. Watu wakijaa, nguo na miili yao hunyonya mwangwi, na kinachorudi nyumbani ni puto tu.